Vipokea sauti vya masikioni: kipira kidogo, athari kubwa

Anayelinganisha vipokea sauti viwili vya kuingiza sikioni aghalabu husifu au kulaumu spika iliyomo ndani, ilhali tofauti anayoisikia huenda imetokana na kipira laini kinachovikwa kwenye ncha ya kifaa.

Kipira kisipoziba vyema tundu la sikio, besi hupotea na kelele za nje hupenya. Msikilizaji huongeza sauti ili kufidia, na hapo ndipo hatari huanzia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki. Kiwango kikipanda hadi desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa 4 tu.

Vipira vya silikoni huoshwa kwa urahisi na hudumu. Vya sponji hubonyezwa, kisha hutanuka sikioni na kuzuia kelele zaidi, ila huchakaa upesi. Aidha, sikio la kulia na la kushoto huweza kuhitaji saizi tofauti.

Kabla ya kulinganisha, yafaa kuchagua kipira kinachoziba bila kuumiza, kisha kusikiliza wimbo mmoja kwa kiwango kilekile cha sauti, kwa kuwa kifaa chenye sauti kubwa zaidi huelekea kudhaniwa kuwa bora.

Hata hivyo, kipira kinachoziba vyema huzuia pia honi ya gari. Anayevuka barabara ni heri avitoe masikioni.