Kuhifadhi Muktadha wa Objekti katika Vishughulikia Matukio vya JavaScript

Makala hii inafafanua kwa nini programu za JavaScript hupoteza muktadha wa objekti pindi tukio linapotokea, na jinsi muktadha huo unavyoweza kuhifadhiwa.

Katika lugha hiyo, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, neno `this` hufanana na kiashiria "hiki" cha Kiswahili: kirejelewa chake hutegemea mazingira ya usemi. Katika funksheni ya kawaida, kirejelewa huamuliwa wakati funksheni inapoitwa, si mahali ilipoandikwa.

Chukuliwe mfano wa fomu ya kliniki inayohesabu watoto waliochanjwa. Objekti `fomu` ina sifa `idadi` yenye thamani 0, na funksheni `ongeza` yenye agizo `this.idadi = this.idadi + 1`. Ikiitwa kwa `fomu.ongeza()`, idadi huwa 1. Ikikabidhiwa kitufe kwa `kitufe.addEventListener("click", fomu.ongeza)`, `this` huwa kitufe chenyewe. Kwa kuwa kitufe hakina sifa `idadi`, jibu huwa `NaN`, yaani si namba, nalo huhifadhiwa kwenye kitufe. Fomu hubaki na 0, wala kivinjari hakitoi onyo lolote. Mhudumu hubonyeza akiamini kwamba mtoto amehesabiwa.

Miongoni mwa njia za kuzuia upotevu huo ni hizi tatu. Kwanza, `fomu.ongeza.bind(fomu)`, iliyosanifishwa katika ECMAScript ya mwaka 2009, huunda funksheni mpya ambayo `this` yake imefungwa kwa fomu. Pili, funksheni ya mshale ya mwaka 2015, `() => fomu.ongeza()`, huiita mbinu kupitia mwenyewe. Tatu, objekti yenye mbinu `handleEvent` inaweza kusajiliwa yenyewe badala ya funksheni. Hapo `this` huwa objekti hiyo.

Uteuzi wa njia uzingatie pia uondoaji. `removeEventListener` hudai funksheni ileile iliyosajiliwa, ilhali kila `bind` na kila mshale huzaa funksheni nyingine. Isipohifadhiwa katika kigeu, haiondoleki kwa `removeEventListener`. Fomu ikisajiliwa upya, mbonyezo mmoja huhesabiwa mara mbili.

Kwa hiyo, wakaguzi wa mifumo ya umma wasiridhike kuona kitufe kinabonyezeka. Jaribio halisi ni kusoma thamani iliyomo katika objekti baada ya mbonyezo wa kwanza, na tena baada ya fomu kufungwa na kufunguliwa.