Kwa Nini Picha ya Karatasini Hailingani na ya Kiooni

Mwanafunzi aitazamapo picha ya mahafali katika kioo cha kompyuta huona nyuso angavu na sare za kijani kibichi. Ikishachapwa, nyuso zimezama gizani na kijani kimepooza. Aghalabu hulaumiwa wino, na fedha ya shule hupotea kununulia mwingine. Yafaa kwanza kuuliza rangi yenyewe yatoka wapi.

Kioo hutoa nuru. Tone dogo la maji (dogo kabisa!) likiwekwa juu yake hukuza vijisehemu vyake: vyekundu, vya kijani na vya buluu. Nuru hizo tatu zikijumlishwa huwa nyeupe. Karatasi haina nuru yake. Huakisi tu ile iliyoiangukia, na wino huipunguza. Wino wa samawati humeza nyekundu, wa majenta humeza kijani, wa manjano humeza buluu. Kwa hiyo zipo rangi kali ambazo kioo huziunda lakini wino hauzifikii.

Mchunguzi na aanze kwa kuchapa karatasi ya majaribio ya printa. Mistari yake ikiwa na mapengo, matundu ya wino yameziba. Ikiwa kamili, kioo ndicho kishukiwe. Vioo vingi huwekwa mwanga mkali mno. Mtu hudhani picha ina nuru ya kutosha, kumbe nuru ni ya kioo. Karatasi nyeupe ishikwe kando yake chumbani penye mwanga, kisha mwanga wa kioo upunguzwe hata weupe wa vyote viwili ukaribiane. Ngozi nyeusi ndiyo huumizwa zaidi na kosa hili, maana tofauti ndogo za hudhurungi zilizo karibu na giza hutangulia kupotea.

Kosa jingine hujificha. Mwaka 1993 makampuni kadhaa yaliunda chama cha kimataifa, ICC, kilichosanifisha majedwali yaelezayo rangi za kila chombo. Programu ya picha hulitumia jedwali kutafsiri rangi. Programu ya printa nayo huweza kutafsiri. Zikifanya kazi hiyo zote mbili, rangi hutafsiriwa mara mbili, na mara nyingi picha huiva wekundu. Hapana budi moja izimwe, na aina ya karatasi iliyomo printani itajwe kwa usahihi.

Picha iachwe ikauke, kisha itazamwe mchana karibu na dirisha. Chini ya balbu ya manjano hata iliyo sahihi huonekana ina kasoro.