NYUZI ZA RANGI KWENYE UKULELE: ZINAFUNDISHA HARAKA, ILA UJUE LINI UZITOE

Kuna watu wameniuliza kuhusu wale watoto ninaowafundisha ukulele hapa Igalula kila Jumamosi. Wanataka kujua zile nyuzi za rangi zinafanyaje kazi, na kama ni kweli mtoto anaweza kupiga kitu cha kueleweka ndani ya wiki mbili. Jibu ni ndiyo, anaweza. Lakini kuna kosa nililifanya na sitaki mtu mwingine alirudie, kwa hiyo leo naeleza yote.

Kwa asiyeijua, ukulele ni kagitaa kadogo ka nyuzi nne. Ni maarufu kutoka visiwa vya Hawaii, na ilitokana na vigitaa vya watu wa Madeira, kisiwa cha Wareno, waliofika Honolulu kwa meli mwaka 1879. Kwa mtoto ni rahisi kuliko gitaa, maana shingo ni nyembamba na nyuzi za nailoni haziumizi sana vidole. Ukiwa umeipakata, nyuzi kuanzia juu kwenda chini ni G, C, E na A.

RANGI ZINASAIDIA NINI?

Ukimwambia mtoto anayeanza "bonyeza uzi wa tatu", anaanza kujiuliza: wa tatu kutoka juu au kutoka chini? Mpaka amalize kuhesabu, wenzake wameshamaliza wimbo. Ukimwambia "bonyeza njano", kidole kimeshafika. Faida ya rangi ni hiyo tu, inaondoa kuhesabu.

Zipo nyuzi zinazotoka kiwandani zikiwa na rangi, kwa mfano kampuni ya Aquila ya Italia inatengeneza za watoto. Mimi sikuwa na hela ya kuagiza, nikatumia tepu za mafundi umeme, zile zinazouzwa rangi mbalimbali. Unakata kipande chembamba, unazungusha kwenye uzi kule kichwani, nyuma ya kile kijiti nyuzi zinapoanzia, halafu kingine chini kabisa pale uzi unapofungwa. Sehemu hizo hazitikisiki wakati wa kupiga, kwa hiyo sauti haiharibiki. USIPAKE rangi ya kucha katikati ya uzi! Nilijaribu. Uzi ukiwa mzito sehemu moja sauti inapinda, hata ufunge vipi haikai sawa.

Mwanzo nilichanganya nyekundu na kijani zikiwa jirani. Kijana mmoja akawa anakosea kila siku, wenzake wakamwita kichwa kigumu. Kumbe macho yake hayatofautishi vizuri rangi hizo mbili, na watu wa hivyo wapo, hasa wanaume. Nikabadilisha, nikaweka rangi za bendera ya taifa kwa mpangilio uleule: kijani kwa G, njano kwa C, nyeusi kwa E, bluu kwa A. Kila mtoto anaijua bendera, na njano inang'aa sana kuliko jirani zake, hata yule kijana anaiona.

Baada ya hapo ni kodi (sio za TRA jamani!). Chuma cha kwanza ni kile kilicho karibu na kichwa:

C: bluu chuma cha 3, basi.
F: kijani chuma cha 2, nyeusi chuma cha 1.
G7: njano chuma cha 2, nyeusi chuma cha 1, bluu chuma cha 2.

Kwa hizo tatu nyimbo nyingi za kwaya zinapigika.

SASA KOSA LANGU

Mwaka 2023 tulialikwa kwenye mahafali ya darasa la saba, shule naiacha jina. Binti mmoja wa darasa la tano, mkali kuliko wote, ndiye alikuwa apigie kwaya. Asubuhi uzi wa njano ukakatika. Nikafunga mshipi wa kuvulia samaki wenye unene uleule, nikauweka sauti, nikaridhika. Tepu nikasahau.

Akapiga C safi, F safi, ilipofika G7 kidole kikabaki hewani. Akanigeukia akaniambia, "Kaka, njano haipo." Kwaya ikasubiri, watu wakaanza kucheka. Mtoto akaweka ukulele chini akakimbia. Jumamosi tatu hakuonekana.

Mtu mzima atasema si angetumia ule uzi uliobaki bila tepu? Ni rahisi kusema ukiwa umekaa. Ukweli ni kwamba nilimfundisha rangi tu, muziki sikumfundisha.

KWA NINI INATOKEA

Rangi kwenye muziki si kitu kipya. Karne ya 11 mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, alieleza kuchora mstari mwekundu kwa F na wa njano kwa C ili waimbaji wasipotee. Kinubi kikubwa cha leo kina nyuzi 47, nyuzi za C ni nyekundu na za F ni nyeusi au bluu, na rangi hizo hazitolewi hata kwa bingwa. Lakini kwenye kinubi uzi wa C unabaki kuwa C.

Ukulele sio hivyo. Uzi wa njano ukiuacha wazi ni C, ukibonyeza chuma cha 2 ni D, chuma cha 4 ni E, yaani sauti ileile ya uzi mweusi ukiwa wazi! Kwa hiyo rangi ni jina la uzi, sio jina la sauti. Mtoto asipoambiwa hivyo anaamini njano NDIYO sauti.

NINAVYOFANYA SIKU HIZI

1. Wiki mbili za mwanzo rangi zote zipo, wapige wafurahi.

2. Wiki ya tatu nyuzi zinapata majina ya kwaya. Ukihesabu C kuwa do, nyuzi nne ni so, do, mi, la. Watoto wa kwaya wanazijua tayari, na kila mmoja anaimba uzi kabla ya kuugusa.

3. Wiki ya nne wanajifunza kuweka sauti wenyewe. Njano chuma cha 4 ifanane na nyeusi, nyeusi chuma cha 3 ifanane na kijani, nyeusi chuma cha 5 ifanane na bluu.

4. Baada ya hapo natoa tepu moja kila wiki, ya njano kwanza. Mwishoni wanapiga wamefumba macho.

Najua wapo watakaosema Tabora hii imetoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na hakuna aliyebandika tepu. Sawa wakuu. Lakini mimi nina ukulele mbili na watoto kumi na wawili, kila mmoja anashika dakika chache tu. Rangi zinaokoa hizo dakika.

Yule binti nilimfuata kwao nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, akarudi. Sasa hivi ukulele yake haina tepu hata moja, na uzi ukikatika anafunga na kuweka sauti mwenyewe.

Mwenye njia nyingine atupe hapo chini kwenye maoni, hasa walimu wa kwaya. Nawasilisha.