Jino la Kupandikizwa na Afya ya Ufizi



Kila tukutanapo na jamaa zetu wa Louisville, Columbus na Buffalo, twaulizwa: jino la kupandikizwa la madini na lile jeupe, lipi halidhuru ufizi? Swali hili lina uzito, maana jino moja hugharimu maelfu ya dola.

Jino la namna hii lina shina linalokazwa ndani ya mfupa wa taya, na taji juu yake. Mashina mengi ni ya titani. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aligundua kwamba mfupa hushikamana na madini hayo. Mwaka 1965 akamtibu mgonjwa wa kwanza. Shina jeupe ni la zirkonia, aina ya kauri ngumu. Halionyeshi weusi penye ufizi mwembamba, lakini limetumika kwa miaka michache zaidi.

Hata hivyo, adui mkubwa si madini wala kauri, bali ni ukoga. Jino la asili hufungwa na nyuzi za ufizi zinazoingia katika mzizi wake. Shina la kupandikizwa halina kifungo hicho, hivyo vijidudu vikipenya hushuka upesi hadi mfupani. Ufizi huvimba na kutoka damu, kisha mfupa huliwa, mara nyingi bila maumivu. Hatari huzidi kwa mvutaji tumbaku, kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na kwa aliyewahi kuugua ufizi. Hata saruji ya kugandishia taji, ikibaki chini ya ufizi, huleta uvimbe.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi Waislamu. Mfupa ukiwa haba, daktari huongeza chembechembe za mfupa na kuzifunika kwa utando. Tando nyingi hutokana na nguruwe. Zipo pia za ng'ombe na za viwandani. Tuulize kabla ya kutia sahihi, na mwenye shaka amwendee mwanachuoni.

Miji yetu mitatu ina skuli za udaktari wa meno: katika Chuo Kikuu cha Louisville, Ohio State huko Columbus, na Chuo Kikuu cha Buffalo. Humo wanafunzi hutibu wakisimamiwa na walimu wao, kwa bei iliyo nafuu.

Basi tusichague shina tukasahau mswaki, uzi wa meno na kusafishwa na daktari kila wakati uliopangwa. Kinga ni bora kuliko tiba.