Istilahi za Ukaguzi na Usimamizi wa Ubora: Maana Yake kwa Kanisa

1. Utangulizi

Neno "ukaguzi" linapotajwa katika kikao cha halmashauri ya usharika, mara nyingi nyuso hubadilika. Mhazini hudhani ameshukiwa, mchungaji hudhani ameshitakiwa, nao washarika hudhani fedha zimeibiwa. Kwa sehemu kubwa hofu hiyo hutokana na kutofahamu istilahi zinazotumika. Shule, hospitali na vyuo vya kanisa hupokea wakaguzi wa namna mbalimbali, nao wachungaji huketi katika bodi zinazosomewa taarifa za wakaguzi hao. Makala hii inakusudia kueleza istilahi zilizo kuu, na kuonyesha kwamba jambo lenyewe si geni katika Kanisa la Kilutheri.

Maana tutakazozieleza zinafuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO), lililoanza kazi mwaka 1947, nalo lina makao yake Geneva. Viwango vyake vya usimamizi wa ubora vilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987. Hapa tunategemea ISO 9000 ya mwaka 2015, yenye istilahi za ubora, na ISO 19011 ya mwaka 2018, yenye mwongozo wa ukaguzi.

2. Ubora na matakwa

Katika mazungumzo ya kila siku, kitu bora ni kile kilicho kizuri kupita vingine. Katika istilahi za usimamizi maana ni nyingine: ubora ni kiasi ambacho sifa za kitu zinatimiza matakwa. Takwa laweza kuwa limetamkwa, au limewekwa na sheria, au linaeleweka na wote pasipo kutamkwa. Kwa hiyo zahanati ndogo inayompa kila mgonjwa dawa yake kwa kipimo chake ina ubora kuliko hospitali yenye majengo mapya inayochanganya majalada ya wagonjwa. Mahali ambapo matakwa hayajulikani, ubora hauwezi kupimwa. Hubaki kusifiana au kulaumiana tu.

Yafaa pia kutofautisha udhibiti wa ubora na uhakikisho wa ubora. Udhibiti hushughulika na kutimiza matakwa yenyewe, kama vile kuhakiki dawa kabla ya mgonjwa kukabidhiwa. Uhakikisho huwapa watu sababu ya kuamini kwamba matakwa yatatimizwa hata kesho, kwa njia ya utaratibu ulioandikwa na watumishi waliofundishwa.

3. Ukaguzi, vigezo na ushahidi

Ukaguzi ni kazi inayofanywa kwa utaratibu, kwa uhuru na kwa maandishi, ya kukusanya ushahidi na kuupima bila upendeleo, ili kujua vigezo vimetimizwa kwa kiasi gani. Vigezo ni yale ambayo kazi inapimwa kwayo, kwa mfano katiba ya dayosisi au kanuni za fedha. Ushahidi ni habari inayoweza kuthibitishwa: stakabadhi, daftari, jambo lililoonwa kwa macho. Uvumi wa washarika si ushahidi. Ushahidi ukilinganishwa na vigezo hupatikana matokeo, nayo huweza kuwa mema au mabaya. Mkaguzi anayeandika mabaya peke yake hajatoa taarifa ya haki.

Ukaguzi hutajwa kwa pande tatu. Taasisi ikijikagua yenyewe, huo ni wa upande wa kwanza, yaani ukaguzi wa ndani. Ukifanywa na mwenye uhusiano nayo, kama vile mnunuzi anayemkagua mwuzaji wake, ni wa upande wa pili. Ukifanywa na chombo kilicho huru, ni wa upande wa tatu. Hata katika ukaguzi wa ndani, mtu hapaswi kukagua kazi yake mwenyewe.

Tusichanganye ukaguzi huu na ukaguzi wa hesabu. Hati inayoridhisha, ambayo wengi huiita hati safi, husema kwamba hesabu zimeandaliwa ipasavyo. Haisemi kwamba fedha zilitumika kwa hekima, wala kwamba wagonjwa walihudumiwa vema.

4. Kasoro, sahihisho na kuondoa chanzo

Hapa ndipo penye uzito. Katika ukaguzi, kasoro ni takwa ambalo halikutimizwa. Neno hili halimtaji mtu; lataja jambo. Kasoro ikionekana, yapo matendo mawili ya kufanywa. Sahihisho huiondoa kasoro iliyoonekana. Hatua ya kuondoa chanzo hushughulikia kilichoizaa, ili isirudi tena.

Tuchukue mfano. Kanuni za usharika zadai kwamba sadaka ihesabiwe na wazee watatu, nao watie sahihi kabla ya kutoka kanisani. Mkaguzi anapitia Jumapili 12 na kukuta 4 zenye sahihi moja. Sahihisho si kuwaita wazee watie sahihi leo kwa tarehe ya zamani. Huko ni kughushi ushahidi. Sahihisho ni kulinganisha fedha za Jumapili hizo na hati za benki, na kuandika wazi kilichopatikana. Kisha yatupasa kuuliza kwa nini. Pengine itaonekana kwamba ibada ya pili huanza mara tu ya kwanza inapokwisha, nao wazee wawili huitwa kupokea watu mlangoni. Basi chanzo ni ratiba, na dawa yake ni kubadili ratiba au kuteua wazee wengine kwa kazi ya mlangoni.

Sisi hupotea kwa njia mbili. Kwanza, twamfukuza mhazini na kuacha ratiba ilivyo. Mhazini mpya naye ataanguka palepale. Pili, twasema tusameheane, kisha twafunga daftari. Msamaha ni wa Injili, wala hakuna mkaguzi awezaye kuutoa au kuuzuia. Lakini usharika uliosamehe bila kuondoa chanzo umemwacha ndugu ajaye katika jaribu lile lile. Na pale ambapo ushahidi waonyesha wizi, neno kasoro lisitumiwe kuufunika. Jambo hilo lina nidhamu yake ya kanisa na sheria yake ya nchi.

5. Ziara za ukaguzi katika Saxony

Mambo haya baba zetu waliyafanya kabla ya istilahi zake kuwako. Kuanzia mwaka 1527 sharika za Saxony zilitembelewa kwa amri ya mtawala Johann. Mwaka 1528 yalichapishwa maelekezo kwa wakaguzi yaliyoandikwa na Philipp Melanchthon, pamoja na dibaji ya Martin Luther. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vigezo vyao. Wakaguzi waliwahoji wachungaji juu ya mafundisho na mwenendo, wakachunguza pia mapato ya sharika. Luther mwenyewe alishiriki. Ilionekana kwamba watu wengi vijijini hawakujua Amri Kumi, Imani wala Sala ya Bwana, na wachungaji wengi hawakuweza kufundisha.

Wako wachungaji walioondolewa. Lakini Luther aliona kwamba kuwaondoa hakutoshi, kwa kuwa aliyebaki naye hakuwa na kitu cha kufundishia. Mwaka 1529 alitoa Katekisimu Ndogo, na katika dibaji yake alieleza kwamba hali aliyoikuta katika ziara ndiyo iliyomsukuma kuiandika. Kitabu tunachowafundisha vijana wetu wa kipaimara ni hatua ya kuondoa chanzo, iliyotokana na taarifa ya ukaguzi.

6. Hitimisho

Mtume Paulo, alipopeleka changizo kwa watakatifu, hakumtuma Tito peke yake. Alimtuma pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akawalaumu, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Kor. 8:18-21). Paulo hakumshuku Tito, alimlinda. Mchungaji atakayewaeleza wazee wake jambo hilo kabla mkaguzi hajafika atakuwa amemlinda mhazini wake vivyo hivyo.