Fuwele Ndani ya Kidonge, Fuwele Ndani ya Kimelea

Aliyekulia Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, kabla ya mwaka 2001 anaikumbuka klorokwini: kidonge kichungu, kisha mwili kuwasha usiku kucha. Wakimbizi wa Rwanda walipomiminika kupitia daraja la Rusumo mwezi Aprili 1994, hiyo ndiyo ilikuwa bado dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania.

Kidonge cha miligramu 250 kilikuwa na dawa yenyewe takriban miligramu 150 tu. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni fosfeti, na hapo hakuna aliyepunjwa. Klorokwini peke yake huyeyuka kwa shida sana katika maji. Ikikutanishwa na asidi ya fosfori, mbili kati ya naitrojeni zake hupokea ayoni moja moja ya hidrojeni, na dawa inakuwa chumvi inayoyeyuka upesi. Mwaka 1988 Isabella Karle na binti yake Jean, wanasayansi wa Marekani, walichapisha umbo la fuwele ya chumvi hiyo walilolipima upya kwa eksirei. Dawa, fosfeti na maji vimeshikana kwa bondi za hidrojeni. Bondi hizo moja moja ni dhaifu. Zikiwa nyingi, zinaishikilia fuwele isimomonyoke. Tumboni, maji nayo huzing'ang'ania chembe zilezile za dawa na fosfeti, na fuwele inasambaratika.

Linalonivutia zaidi ni kwamba hata vita yenyewe ya dawa na kimelea ni ya fuwele. Kimelea cha malaria hula hemoglobini ndani ya seli nyekundu za damu na kubakiwa na himu, ambayo ni sumu kwake. Hujiokoa kwa kuipanga himu hiyo iwe fuwele za kahawia, hemozoini. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kuwa himu hukaa mbilimbili, na jozi hizo hufungana kwa kitu gani? Kwa bondi zilezile za hidrojeni. Klorokwini huzuia fuwele hizo zisikue, na kimelea hufa kama mpishi aliyefungiwa jikoni na moshi wake.

Kimelea kilipopata mbinu ya kuitoa dawa nje, Tanzania Bara ikaiacha mwaka 2001. Leo tunameza dawa mseto ya artemeta na lumefantrini. Lumefantrini haikutengenezwa kuwa chumvi: maji hayaiyeyushi, mafuta ndiyo huisaidia kuingia kwenye damu. Na kwa kuwa vimelea vyenye mabadiliko ya vinasaba yanayoidhoofisha artemeta vimeshaonekana Kagera, lumefantrini haitakiwi kupungua kwenye damu. Ukiandikiwa mseto, umeze pamoja na maziwa, karanga au ndizi zilizoungwa kwa mafuta, na umalize dozi zote 6 katika siku 3.