Je, Wajua? Kigegezi cha Gari na cha Boti ni Kimoja

Je, wajua kwamba kinachomtapisha abiria akiteremka kutoka Loliondo kuelekea Ziwa Natron ndicho kinachomlaza chali kwenye boti ya Unguja? Sikio la ndani huhisi mwili ukiyumba, ilhali macho yaliyokazwa kwenye simu au kiti cha mbele huuambia ubongo kwamba umetulia. Taarifa zikipingana, tumbo huchafuka.

Ndiyo maana dawa ni zile zile. Vidonge vya promethazini au sinarizini humezwa kabla ya safari. Ukisubiri mpaka uanze kutapika, utakitapika na kidonge chenyewe. Huleta usingizi, kwa hiyo dereva asiviguse kabisa, na promethazini asipewe mtoto wa chini ya miaka 2. Tangawizi haileti usingizi na huwafaa baadhi ya watu. Mimi ningeanza nayo.

Kwenye basi, kaa mbele utazame barabara. Kwenye boti, hasa upepo wa kusi ukivuma, kaa katikati, sehemu ya chini, na utazame mbali baharini. Mjamzito na mwenye presha ya macho, muulizeni mfamasia kabla ya kununua kidonge chochote.